Kitasa cha Kabati la Bi Hadija

Mimi jambo la kunishangaza halipo. Nawaambia mapema msije mkahangaika kunitafutia. Nimeona mtu anashuka mtumbwini pale Kibirizi kabeba kichwani mlango wa nyumba yake, mvule mtupu, bawaba zote tatu zinaning'inia, na nyumba yenyewe kaiacha ng'ambo ya ziwa, kwenye risasi. Nikamuuliza, "Ndugu, mlango bila nyumba wa nini?" Akanijibu, "Nyumba nitajenga. Mlango kama huu sitapata tena." Nikamkubali, nikamwekea pale karakanani mpaka akapata kiwanja Bangwe. Nimeona bwana harusi ananirudishia kitanda kwa kuwa hakitoi mlio, anasema majirani watadhani hajaoa. Nikamlegezea boliti moja, akaondoka anacheka.

Kwa hiyo nyie vijana mnaokuja kunipigia stori za wateja wenu wakorofi, kaeni chini. Benchi nimeliacha, kiuno kimekataa kuinama. Mikono bado mizima, na mdomo ndio kwanza umeanza kazi. Shule niliishia darasa la tatu kule Simbo, na hilo la tatu lenyewe sikulimaliza: nilitoka msimu wa kuvuna mihogo, sikurudi. Nilikuja Ujiji na shati moja. Leo mtu akitaka mlango usiolia, kitanda kisicholia, au kinacholia kwa makusudi, anaelekezwa kwangu. Sikurithishwa na mtu. Hiyo iwekeni akilini kabla sijaendelea.

Leo nataka kusema habari ya milango ya makabati, maana naona mnaidharau. Mnadhani shelfu la wazi ukilipachika milango miwili na bawaba nne umemaliza, chukua pesa nenda zako. Siku hizi mnanunua hata zile bawaba zinazojivuta zenyewe, mtu unasukuma kidogo tu, kabati linajifunga taratibu kama mzee anayekaa kitini. Nzuri, sikatai. Lakini bawaba hizo zimewafanya msijue kabati linasimamaje.

Mimi nilifundishwa na Mzee Songoro, Mungu amrehemu, aliyekuwa anatengeneza mitumbwi ufukweni Ujiji kabla macho hayajamwishia akageukia viti na makabati. Kufundisha kwake kulikuwa futi ya mbao kwenye vifundo vya vidole. Ukishika patasi vibaya, pa! Ukiuliza swali mara ya pili, pa! Lakini alinipa mambo ambayo hamtayapata dukani. Skrubu unaisugua kwanza kwenye kipande cha sabuni ya mche, itaingia kwenye mninga kama inaitwa kwao. Kitanda cha bawaba, kile kishimo inamolala, unakichimba kwa patasi kwa unene wa bawaba tu, ukizidisha mlango utakataa kufunga, utajikunja ubavuni. Baina ya mlango na mlango acha nafasi ya unene wa shilingi, maana hapa tuko kandokando ya ziwa, masika mbao inakunywa unyevu, inanenepa, na mlango ulioingia sawasawa kiangazi utaufungua kwa teke mwezi wa nne. Na kila bawaba unaipiga skrubu moja kwanza. Moja! Unaning'iniza mlango, unarudi nyuma, unautazama. Ukiridhika ndipo unapiga nyingine.

Kuhusu shelfu la wazi alikuwa na neno lake. Alikuwa anasema, "Shelfu la wazi ni bubu. Linaweza kusimama upande miaka kumi, lisimwambie mtu. Ukilitia milango umelipa mdomo. Litasema kila kitu."

Nililisikia neno hilo mara nyingi mpaka likanichosha. Ndivyo lilivyonipita.

Ilikuwa miaka ile ya wakimbizi, ng'ambo kunawaka, kila asubuhi ufukweni watu wanateremka na magodoro, mbuzi, cherehani, bibi kizee kabebwa mgongoni. Kambi zilikuwepo, na malori yalikuwa yanakuja kuwachukua watu. Lakini nyumba nyingi za Ujiji zilikuwa na ndugu ng'ambo, tangu enzi za mababu, na mtu mwenye ndugu hapelekwi kambini. Anapewa mkeka. Kazi upande wangu zilikuwa nyingi kuliko wakati wowote: vitanda vya ghorofa, viti vya kuongezea, milango ya vyumba vilivyokatwa katikati. Nilikuwa kijana wa thelathini na kitu, nina karakana yangu, naweka akiba ya kununua randa ya chuma, ile ya wenyewe, badala ya ile ya mbao niliyojichongea.

Basi Bi Hadija akaja. Mjane, mtu wa heshima, nyumba yake nyuma ya soko, mumewe alikuwa mfanyabiashara wa mawese aliyekuwa na asili ya Baraka, upande wa Kongo. Alipokuja kunitazama pale karakanani alikuwa na wageni nyumbani: wifi yake, Mama Bahati, dada pekee aliyebaki wa marehemu, na watoto watano. Walikuwa wametoka Baraka na nguo za mwilini.

"Shikamoo, Bi Hadija."

"Marahaba, fundi. Nataka shelfu langu la vyombo ulitie milango."

Sasa nyie mmekulia kwenye nyumba zenye jiko la ndani, hamjui. Shelfu la vyombo kwa mwanamke wa Ujiji lilikuwa linakaa sebuleni, linatazama mlango wa mbele. Sahani zimesimamishwa kwa mstari, za maua mbele, sufuria zimepangwa kutoka kubwa hadi ndogo zimesuguliwa mpaka unajiona, chupa za chai juu kabisa. Mgeni akiingia anamaliza kulisoma kabla hajakaa. Mwanamke kufunika vyombo vyake ilikuwa sawa na mvuvi wa dagaa kwenda ziwani usiku akaifunika taa yake ya karabai.

Nikamwambia, "Ya vioo, Bi Hadija? Nina mtu Mwanga anakata vioo vizuri, vyombo vitaonekana vyote."

"Ya mbao."

"Hata kioo kidogo katikati?"

"Fundi, nimesema mbao. Kioo sitaki hata cha kujitazamia."

Nikacheka kimoyomoyo. Nikajisemea, hapa nimeshaelewa, watoto watano wa watu, vyombo vinavunjika, vingine vinapotea, mama kachoka ila hawezi kusema. Nilijiona mjuzi sana wa mambo ya nyumba za watu.

Siku ya kazi Mama Bahati alikuwa ufukweni anaanika dagaa wa watu kwa ujira, na watoto kaenda nao. Shelfu nililikuta limefunikwa kanga. Bi Hadija akanifunulia, ndani hamna kitu. "Vyombo nimevitoa upate nafasi," akasema, akaenda uani. Kazi yenyewe niliifanya vizuri, msinifikirie vibaya. Nilipima pembe zote kwa guni, kile kipimo cha mraba, zote sawa. Milango ya mninga, fremu na paneli, nimeipiga msasa mpaka inateleza. Bawaba za shaba. Nafasi ya unene wa shilingi. Skrubu moja moja, nikarudi nyuma kutazama.

Mlango wa kushoto ukajifungua wenyewe. Polepole, kama mtu anayechungulia.

Nikausukuma. Ukarudi. Nikausukuma wa kulia, nao ukajifungua. Nikawa na milango miwili inayonitazama kama mapacha wenye njaa.

Nyie mngejua mara moja, au nawaombea mngejua. Nyumba zile za zamani sakafu zake zilimwagwa ziteremke kidogo kuelekea mlango wa mbele, ili siku ya kuosha nyumba maji yatoke yenyewe. Shelfu lilikuwa limesimama kwenye mteremko ule tangu siku ya ndoa, limeinama mbele kwa kiasi ambacho jicho halioni. Pembe zake zilikuwa sawa, ndiyo, guni halikunidanganya. Lakini guni linakuambia kitu kina pembe nzuri, halikuambii kimesimama wima. Hiyo ni kazi ya timazi, ule uzi wenye kitu kizito mwishoni. Timazi langu lilikuwa limening'inia karakanani kwenye msumari.

Dawa ilikuwa rahisi: kabari mbili za mbao chini ya miguu ya mbele. Lakini ingebidi nirudi karakanani, nichonge, nije tena, na jioni ile nilikuwa na mteja wa kitanda. Nikakumbuka kwenye sanduku la zana nina kitasa cha shaba, kizuri, cha zamani, nilikitoa kwenye meza mbovu. Nikachimba tundu, nikakipachika. Ukizungusha ufunguo, milango inatulia. Ukiutoa bila kufunga, inajifungua. Nikamwita Bi Hadija, nikamwambia kwa majivuno, "Kitasa hiki sikuhesabii. Zawadi."

Alikitazama kwa muda mrefu. Nikadhani kapendezwa.

"Lazima kifungwe?" akauliza.

"Ukitaka milango ikae, ndiyo."

Akauchukua ufunguo, akaufunga kwenye pindo la kanga yake. Nikaenda zangu napiga mluzi.

Siku chache baadaye nimeinamia msumeno, nikaona kivuli cha mtu kimesimama juu ya kazi yangu. Mwanamke mrefu, kitenge cha Kongo, mikono ina magamba ya dagaa.

"Ni weye fundi wa kufuli?"

"Mimi ni fundi wa kila kitu, mama. Karibu."

"Miye sikuje kukaribishwa. Minataka unionyeshe kwa macho yako, miye na batoto wangu tuko wezi?"

Nikasimama. Watu wa karakana ya jirani nao wakaacha kupiga nyundo, maana Ujiji hakuna anayekosa jambo la bure.

"Kutoka nifike kwa wifi yangu," akasema, "ile kabati ilikuwa wazi. Miye nilikuwa natoa sahani, narudisha. Sasa iko na kufuli. Ufunguo iko kwenye nguo yake, analala nayo. Ikifika saa ya kula anaingia peke yake, anafunga mlango ya chumba, anatoka na sahani mbili, batoto wanakula kwa zamu. Weye ungekuwa miye ungekaa?"

"Mama Bahati, kile kitasa ni mimi..."

"Njo hivyo, ni weye. Sasa sikia. Kesho lori ya kambi inapita. Nimeandikisha. Kaka yangu angekuwa hai angenizika kwa mikono yake kuliko kunifungia sahani." Akageuka. Akageuka tena. "Na milango yako ni mizuri. Nitasema ukweli."

Akaenda. Jirani yangu, fundi Shabani wa viti, akaniambia kutoka kule kwake, "Yemwe, Rajabu! Umefukuza wakimbizi na skrubu nne!" Wakacheka wote. Mimi sikucheka. Nilijua kufika Ijumaa, msikiti mzima utakuwa unasema kitasa cha Rajabu ndicho kilichompeleka dada wa marehemu kambini. Jina nililolijenga kwa mikono hii kutoka kwenye shati moja. Nikafunga karakana mchana kweupe, jambo ambalo sikuwahi kulifanya hata kwa homa.

Bi Hadija nilimkuta sebuleni kakaa mbele ya kabati, kama anamlinda maiti. Nikamwambia nimekuja kutoa kitasa.

"Ukikitoa, kabati litajifungua."

"Nitalitengeneza lisijifungue."

"Basi fungua mlango wa mbele kwanza, uchungulie kama wifi hayupo njiani." Nikachungulia. Hayupo. Akafungua fundo la kanga, akanipa ufunguo, akageuza uso ukutani.

Nikafungua. Nimewaambia jambo la kunishangaza halipo, na ni kweli halipo, kwa sababu lililokuwepo nililimaliza siku ile. Ndani ya kabati kulikuwa na sahani mbili za bati, kikombe kimoja, na sufuria moja ndogo. Basi. Zile sahani za maua, zile chupa za chai, zile sufuria za kujitazamia, hakuna.

"Viko wapi, Bi Hadija?"

"Walikula," akasema.

"Nani?" nikauliza.

"Watu saba, fundi. Mawese ya marehemu hayapo. Yeye anaanika dagaa siku nzima wanampa kisado kimoja cha dagaa. Nikauza sahani moja, nikanunua unga. Nikauza nyingine. Kila siku anapita mbele ya shelfu, na ana macho kuliko mimi. Nikaona wiki ijayo atahesabu, atajua anakula vyombo vyangu, na mwanamke yule akijua hatalala tena chini ya dari hii. Ndiyo nikakuita." Akajifuta uso kwa kanga. "Ningemwambia nini? Kufuli hii ni ya kukufichia aibu yangu, si ya kukuzuia wewe? Ataomba nimwonyeshe."

Nikamuuliza kavipeleka kwa nani. Akanitajia mwanamke wa vyombo vya mitumba pale sokoni. Nikamwambia akae hapo hapo, asiseme na mtu, na akimwona wifi yake amshughulishe na lolote.

Vijana, fundi mzuri anajua kulibeba sanduku lake. Siku ile nilienda sokoni na sanduku la zana lililojaa vumbi la mbao na maranda ya randa, na akiba yangu ya randa ya chuma mfukoni. Yule mwanamke wa mitumba alinishangaa.

"Unaoa, fundi?"

"Naoza," nikamwambia. "Lete zile za Bi Hadija, na usinipandishie."

Akanipandishia. Tulibishana mpaka watu wakakusanyika. Baadhi ya sahani zilikuwa zimeshauzwa Kasulu, nikachagua nyingine zinazofanana. Chupa moja ya chai alikuwa anaitumia mwenyewe, nikamnywesha chai yake akaimaliza ndipo nikaichukua. Kila sahani nikaizika kwenye maranda ili zisigongane, maana sahani zikigongana husikika hadi Simbo. Sanduku lilinielemea bega mpaka nikawa natembea kama mlevi, na Shabani aliponiona njiani akauliza nimebeba nini. "Misumari," nikamwambia. "Misumari ya nini yote hiyo?" "Ya mdomo wako."

Nyumbani kwa Bi Hadija nilifunga mlango wa sebule, nikasema ninapaka gundi yenye sumu, mtu asiingie. Nikachomeka kabari mbili chini ya miguu ya mbele. Safari hii timazi lilikuwa shingoni kwangu kama tasbihi. Nikaligonga taratibu, nikapima, nikagonga, mpaka uzi ukalala sawa na ubao. Nikang'oa kitasa, tundu lake nikaliziba kwa kipande cha mninga ambacho hata leo ukitafuta hutakiona. Mahali pake nikapiga kipande cha mbao kinachozunguka kwenye skrubu moja, kile cha kufunga banda la kuku, lakini nilikichonga kizuri. Mtoto wa miaka miwili anakifungua. Halafu nikapanga vyombo: za maua mbele, sufuria kubwa kwa ndogo, chupa juu.

Bi Hadija alipoingia akaweka mkono mdomoni. Nikamwonya kwa macho.

Mama Bahati alikuwa uani, mafurushi yameshafungwa, mtoto mdogo kakalia la juu. Nikamwita. "Shemeji, hebu nisaidie kitu kimoja kabla hujaenda. Mimi natazama kwa mbali, wewe ufungue mlango mmoja, nione kama unashika."

"Ufunguo uko wapi?"

"Ufunguo wa nini? Kabati la vyombo huwa na ufunguo? Kile kitasa kilikuwa kimechomekwa kuzuia milango isijifungue wakati gundi inakauka. Uzembe wangu kuchelewa kurudi."

Akanitazama kwa namna ambayo sijasahau. Akaenda kabatini. Akazungusha kile kipande cha mbao kwa kidole kimoja, akauvuta mlango nusu, akauachia. Mlango ukabaki pale pale alipouachia. Haukwenda mbele, haukurudi nyuma. Kijana, mlango uliosimama wima hukaa pale ulipouacha. Ukiona hivyo, unaweza kufunga sanduku lako.

Akaufungua na wa pili. Akasimama mbele ya sahani zile. Akachukua moja, akaigeuza, akaitazama chini. Ilikuwa moja ya zile nilizofananisha, ya maua ya njano badala ya mekundu.

Akairudisha. Akageuka kwa Bi Hadija, na macho yake yalikuwa yamelowa, lakini mdomo ulikuwa mwingine kabisa.

"Wifi weye! Sahani zote hizi, na batoto wanakula kwa zamu? Ulikuwa unangoja mgeni gani?"

"Nilikuwa nakungoja wewe uache kununa," Bi Hadija akajibu.

"Basi toa hizo za maua. Leo minapika miye."

Na akaenda uani, akamshusha mtoto kwenye furushi, akalifungua. Lori lilipopita kesho yake halikuchukua mtu mbele ya nyumba ile. Wiki iliyofuata akaacha dagaa wa watu, akaanza kuuza dagaa wake mwenyewe, aliokopeshwa na mwenye mtumbwi, na kila jioni alikuwa anaweka pesa ya unga chini ya ile sahani ya maua ya njano, bila kusema neno. Bi Hadija alikuwa anaikuta, naye bila kusema neno. Walikaa hivyo mpaka ng'ambo kukatulia, na hata baada ya hapo Mama Bahati alichukua miezi kuamua kuondoka. Kabati bado lipo. Nendeni mkalione, milango haijashuka hata unywele.

Randa ya chuma niliipata baadaye sana. Na yule anayetaka kujua kitasa cha zawadi kisichoombwa kinagharimu kiasi gani, pamoja na sahani, sufuria, chupa mbili za chai, kabari, na kazi ambayo sikuidai, nilikokotoa siku ile ile kwa mkaa kwenye ukuta wa karakana: shilingi elfu kumi na tisa, mia nne na hamsini.